Kiwanja Chenye Lango

Msomaji wangu, yamkini hujapata kushika fimbo ya gofu, na yamkini hujapata kutamani kuishika. Kwetu Kwa Vonza, kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, fimbo tuijuayo sana ni ile ya kuchungia mbuzi, na mpira tuujuao tangu utoto ni ule wa matambara uliofungwa kwa nyuzi za katani. Ukimwambia mtu pale sokoni kwamba umesafiri hadi Nairobi ili uupige mpira mweupe mdogo kama yai la njiwa, uufuate, uupige tena, na kuufuata tena mpaka utumbukie shimoni, atakuuliza ni nani aliyekulipa kwa kazi hiyo. Ukimjibu kwamba aliyelipa ni wewe, atakuonea huruma.

Mimi nami nilikuwa na fikira za mtu huyo wa sokoni, hata siku moja rafiki yangu, ambaye tulikalia dawati moja shuleni, aliponialika kucheza naye katika kiwanja kimoja mashuhuri cha jijini. Jina la kiwanja sitalitaja. Nilikuwa mgeni pale, na si adabu kula chakula cha mtu kisha kutangaza upungufu wa jiko lake. Lakini niliyoyaona siku ile yalinitia katika ugomvi, na ugomvi huo haujaisha hata leo. Nagombana na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaokuambia wewe kijana kwamba gofu ni mchezo wa matajiri na wageni, kwa hiyo uuache, uwacheke wanaoucheza, uende zako. Wa pili ni wale waliokwisha kuingia ndani, ambao hudhani kwamba lango ni sehemu ya mchezo, kama vile shimo na bendera. Watu hawa hawapendani, wala hawakai meza moja. Walakini katika jambo moja wamepatana pasi na kujua: wote wawili wataka wewe ubaki nje.

Niliondoka Kwa Vonza kabla ya mapambazuko, mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo watu wa Ukambani hutazama mawingu kwa jicho la mdai. Mvua za vuli ndizo tunazozitegemea zaidi kwa kunde, mbaazi na pojo, na zilikuwa bado. Gari letu lilipovuka daraja niliona mianga ya kurunzi chini, katika mto usiokuwa na maji. Walikuwa wanawake wakichimba mchanga. Wengine walikuwa wamekwisha kufika kina cha kiuno. Wengine walikuwa wakichota kwa kata, polepole, wakingoja maji yajikusanye. Na punda walisimama ukingoni wakiwa na mitungi mitupu migongoni. Niliwatazama mpaka gari likapinda kona.

Saa tatu za asubuhi nilikuwa langoni. Askari aliniuliza jina la mwenyeji wangu kabla ya kuniuliza jina langu. Kisha akanitazama shati, akasema kwa upole kwamba shati lisilo na kola haliruhusiwi. Rafiki yangu akanipa lake la akiba, nami nikaingia nimevaa kola ya mtu mwingine. Mbele yangu palikuwa na majani mabichi kuliko yote niliyopata kuyaona katika mwezi wa Septemba, na juu yake mabomba madogo yalikuwa yakizunguka na kunyunyiza maji hewani kwa sauti ya kunong'ona.

Nitakuambia kweli ingawa inadhoofisha ugomvi wangu: niliupenda mchezo. Kiwanja kizima kina mashimo 18, na kukizunguka ni mwendo wa kilomita sita au saba kwa miguu. Mchezaji hodari hutazamiwa kumaliza kwa mapigo 72 au karibu na hapo. Mimi nilitimiza mapigo 72 kabla sijafika shimo la kumi. Lakini yako mambo katika mchezo huu ambayo sikuyaona katika mwingine. Katika shimo la nne mpira wangu ulijificha kichakani, na hapakuwa na jicho lililoniona. Ningaliweza kuusogeza kwa ncha ya kiatu. Gofu haina refa wa kupuliza filimbi nyuma yako. Mchezaji hujihesabia mapigo yake mwenyewe, na akikosea hujishitaki mwenyewe. Mmarekani mmoja mashuhuri, Bobby Jones, alijitoza pigo moja katika mashindano makuu ya nchi yake mwaka 1925, kwa kuwa mpira wake ulitikisika kidogo na yeye peke yake ndiye aliyeuona ukitikisika. Alimaliza sawa na mwenzake, wakarudiana, naye akashindwa. Niambie, mwalimu gani asingependa wanafunzi wake wajifunze mchezo wa namna hiyo?

Sasa sikiliza habari ya mzee aliyenibebea mkoba. Watu hawa huitwa makedi. Kazi yao ni kubeba fimbo, kuutafuta mpira unapopotea, na kumshauri mchezaji. Huyu alikuwa na umri wa baba yangu, naye aliniita "bwana" kila alipofungua kinywa, nami nikamwita "mzee," tukawa kama watu wawili wanaogombania kuinama. Alikijua kiwanja kile kama mkulima aijuavyo shamba lake. Alilala kifudifudi karibu na shimo, akatazama mlalo wa nyasi, akasema, "Bwana, macho yatakudanganya hapa. Utaona mpira utakwenda kulia. Utakwenda kushoto, kwa kuwa majani yamelalia upande wa bonde." Sikumwamini. Mpira ukaenda kushoto.

Nilimwuliza kama yeye mwenyewe hucheza. Akasema huruhusiwa Jumatatu, siku ambayo wenye kiwanja hawapo na nyasi hufanyiwa kazi. Nikamwuliza humaliza kwa mapigo mangapi. Akatabasamu, akatazama kama rafiki yangu yu mbali, kisha akanitajia idadi iliyo pungufu ya ile ya rafiki yangu kwa mapigo kumi na moja. Tulipomaliza, sisi wawili tuliketi barazani tukanywa chai. Yeye aliketi chini ya mti karibu na ghala ya kutunzia fimbo. Nilitaka kumnunulia chai angalau kikombe kimoja, nikaambiwa kwamba mgeni haruhusiwi kulipa, kwani malipo yote huandikwa kwa jina la mwanachama. Na kwamba kedi haruhusiwi kunywa barazani, hata chai ikilipwa na nani. Hapo ndipo chai yangu ilipoharibika ladha.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba rafiki yangu ni mtu mwovu, wala wenziwe. Wengi wao ni watu wa adabu. Hutoa sadaka, husomesha watoto wa jamaa zao, na baadhi yao husaidia hata watoto wa makedi. Ninalosema ni kwamba desturi mbaya haihitaji watu wabaya ili iendelee. Hutosha kuwa na watu wema ambao hawajawahi kukaa upande wa pili wa lango.

Na desturi hii ina asili yake. Nchini Kenya gofu ililetwa na walowezi na maofisa Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliiweka ardhi chini ya jina la mfalme wa ng'ambo, na serikali ya kikoloni ikawagawia iliowapenda. Klabu inayoitwa leo Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, nayo ikapewa sifa ya "kifalme" na Mfalme George wa Tano mwaka 1935. Ubavuni mwake, ukuta kwa ukuta, ipo Kibera. Kibera nayo ina umri kama huo huo, maana ilianza kwa askari Wanubi wenye asili ya Sudan, waliopigania jeshi la Kiingereza katika Afrika Mashariki, wakaruhusiwa kukaa msituni pale baada ya utumishi wao. Mwaka 1918 eneo lao la ekari 4,000 na ushei lilitangazwa kuwa la jeshi. Jirani wawili, basi, walizaliwa karibu mwaka mmoja katika mji mmoja, chini ya serikali moja. Mmoja alipewa nyasi, bendera na jina la mfalme. Mwingine aliambiwa kwamba anakaa kwa hisani. Mji ukakua, ardhi ya Wanubi ikamegwa vipande vipande, na hati ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja waliipata mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288.

Ukitazama picha iliyopigwa kutoka angani utaona mapaa ya mabati yamebanana upande mmoja kama magamba ya samaki, na upande wa pili uwanda wa kijani ambao ndani yake watu wanne wanatembea. Picha za namna hiyo zimepata kuzunguka ulimwenguni, na watu wengi wakiziona husema, "Ubomolewe uwanja huo, pajengwe nyumba." Mimi sisemi hivyo. Mji usio na miti wala mahali pa upepo ni tanuri, na tukisha kujenga juu ya kila jani hatutapata tena mahali pa kujuta. Kwa miaka mingi tumeona viwanja vya wazi vya miji yetu vikinyakuliwa na wajanja usiku na kuota maduka asubuhi. Acha nyasi zikae. Ninalouliza ni kwa nini mtoto wa Kibera azione nyasi hizo kwa kuchungulia tu.

Hapa watu wa namna ya kwanza hunikatiza. "Wewe mtu wa Kwa Vonza," husema, "huna haya? Wanawake wa kwenu wanachimba mchanga usiku kutafuta maji, nawe unalilia mchezo!" Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hana moyo. Lakini tuipime. Kwanza, maji yale yaliyonyunyizwa Nairobi asubuhi ile yasingalifika Kwa Vonza hata kama kiwanja kingalifungwa kesho. Kinachotunyima maji ni mabomba yasiyowekwa na mabwawa yasiyojengwa, na mtu anayetuonyesha nyasi za jirani ili tusitazame ahadi za viongozi wetu hatutendei hisani. Pili, nakubali, tena bila kusitasita, kwamba kiwanja kinachomwagiwa maji safi ya kunywa katika nchi ya kiangazi ni aibu. Uwanja mkubwa katika majira ya ukavu hunywa malaki ya lita kwa siku. Rafiki yangu aliniambia kwamba wao hutumia maji ya kisima chao na ya bwawa la mvua. Ikiwa ni hivyo, vema. Maji yaliyokwisha kutumika na kusafishwa yangefaa zaidi, na sheria ingepaswa kuwalazimisha wote.

Tatu, na hapa nataka unisikilize kwa makini, gofu haihitaji majani mabichi. Hili ni jambo ambalo wenye viwanja hawalisemi, na wapinzani wao hawalijui. Zamani, katika miji midogo mikavu ya Afrika Mashariki, walowezi wasiokuwa na maji walicheza kwa kuzungusha shimo kwa mchanga badala ya nyasi. Mchanga ulichanganywa na mafuta yaliyotumika ya mitambo ili usipeperuke, ukashindiliwa, na kila aliyekwisha kucheza aliusawazisha kwa ubao kabla ya kuondoka. (Mafuta hayo nisingeyataka karibu na mto wetu, mchanga mtupu uliolowanishwa kidogo na kushindiliwa watosha.) Australia, katika mji wa wachimba vito uitwao Coober Pedy, kipo kiwanja kisichokuwa na jani hata moja, mchezaji hutembea na kipande kidogo cha zulia la majani, hukiweka chini, huweka mpira juu yake, hupiga, kisha hukiokota na kuendelea. Wakati wa joto kali hucheza usiku. Hao ni watu wa jangwa, lakini hawakuambiwa kwamba mchezo si wao.

Tena kuna jambo la mchanga lililonichekesha siku ile, ingawa lilikuwa cheko la uchungu. Katika kiwanja cha gofu huchimbwa mashimo na kujazwa mchanga makusudi, ili mpira ukiingia humo mchezaji ataabike. Mchanga ni adhabu. Kwetu Kitui mchanga ni tangi la maji. Watu wa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, hukutana mtoni wakati wa kiangazi, hupasua mawe, huchota mchanga, hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba kukingamisha mto. Mvua ikija, mafuriko huleta mchanga na kuuacha nyuma ya ukuta. Lundo likijaa, maji hubaki katikati ya chembe zake, robo hata theluthi ya ukubwa wa lundo lote, nayo hayakaushwi upesi na jua wala hayazai mbu. Kuta za namna hiyo zimejengwa kwa mamia katika Kitui tangu miaka ya 1990. Nilipokuwa nimezama katika shimo la mchanga la shimo la kumi na mbili, nikipiga pigo la tatu bila kutoka, yule mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Bwana, usigombane na mchanga. Piga nyuma ya mpira, mchanga wenyewe utauinua." Nikapiga nyuma ya mpira, mchanga ukauinua. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akasema alikozaliwa mto ni mchanga mtupu, na wakati wa kuchunga walikuwa wakipiga mawe kwa fimbo za kuchungia. Alizaliwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kwetu.

Basi yasiwe maneno ya kuota ndoto nikikuambia habari za mvulana wa Pedreña, kijiji cha pwani ya Hispania, aliyekuwa kedi, ambaye hakuruhusiwa kucheza kiwanjani atakavyo, akajifunza kwa fimbo moja tu juu ya mchanga wa pwani. Jina lake Severiano Ballesteros. Mwaka 1978 alikuja Kenya akashinda mashindano ya Kenya Open, na mwaka uliofuata akashinda mashindano makuu ya Uingereza. Wala nisionekane mchawi nikikutajia Francis Ouimet, aliyekaa ng'ambo ya barabara mkabala na kiwanja cha Brookline nchini Marekani, akabeba mikoba humo utotoni, na mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, akawashinda humo humo mabingwa wawili wa Uingereza waliokuwa wakiogopwa ulimwenguni, naye akibebewa fimbo na mtoto wa miaka kumi.

Kenya Open yenyewe ilianza mwaka 1967. Hesabu miaka. Mpaka mashindano ya mwaka 2025 hapakuwa na Mkenya hata mmoja aliyelitwaa kombe hilo. Aliyelikaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998, akashindwa katika marudiano na Ricardo González wa Argentina. Mwaka mmoja tu baada ya kombe hilo kuanzishwa, yaani 1968, Naftali Temu na Kipchoge Keino waliiletea Kenya dhahabu kutoka Mexico, na tangu hapo mbio ndefu zimekuwa kama urithi wetu. Watu hupenda kueleza jambo hili kwa hewa ya milimani na miguu myembamba. Hayo yana nafasi yake. Lakini mimi naona sababu nyingine iliyo wazi kama mchana: barabara ya vumbi haina lango. Hakuna askari anayemwuliza mtoto wa Iten au wa Kwa Vonza anakimbia kwa jina la mwanachama gani. Taifa haliwezi kumpata bingwa wake katika mahali ambapo limewaruhusu watoto wachache kuingia, kisha likashangaa kwa nini bingwa hatoki.

Lango likifungwa muda mrefu huzaa upumbavu wa ajabu. Afrika Kusini alikuwako mtu aliyeitwa Papwa Sewgolum, mwenye asili ya Kihindi, kedi wa zamani, aliyeishika fimbo kinyume cha watu wote, mkono wa kushoto ukiwa chini. Alikuwa amekwisha kushinda mashindano ya Uholanzi mwaka 1959 na 1960. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal mjini Durban, akiwapita wachezaji wa Kizungu. Mvua ikanyesha. Wenzake walioshindwa walijikinga ndani ya nyumba ya klabu, na yeye aliyeshinda akapewa kikombe chake nje, kwa kuwa ubaguzi haukumruhusu kuvuka kizingiti. Usidhani ni Afrika Kusini peke yake. Chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kilikuwa na kifungu cha kuwataka wanachama wawe Wazungu, na hakikukifuta mpaka mwaka 1961. Klabu kuu ya St Andrews, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ikitunga sheria za mchezo, ilikubali kuwaingiza wanawake mwaka 2014. Kila mara wenye lango walisema kwamba lango likifunguliwa mchezo utakufa, na kila mara lilipofunguliwa mchezo uliamka asubuhi ukanywa chai yake.

Na kwa kuwa nimeitaja St Andrews, nitamalizia ugomvi wangu huko, maana watu wa namna ya pili huiheshimu kama mahujaji. Ni mji mdogo wa pwani ya Uskoti, na kiwanja chake cha kale ndicho mashuhuri kuliko vyote duniani. Hata hesabu ya mashimo 18 ilitoka huko, mwaka 1764, walipounganisha mashimo mafupi yaliyokuwapo. Wasafiri hupanda ndege kutoka pande zote kwenda kucheza mzunguko mmoja tu, kisha hurudi makwao na picha na hadithi zisizokwisha. Waulize kiwanja kile ni cha nani, uone wangapi wanajua. Si cha klabu. Ni ardhi ya mji. Wenyeji tangu kale walichunga mifugo pale, walianika nguo pale, na walicheza pale. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa na madeni, liliitoa mikononi mwake, na wafugaji sungura wakaipata. Sungura wakachimbachimba, wachezaji wakakasirika, na ugomvi wa mahakamani na wa mitaani ukadumu zaidi ya miaka 20, mpaka tajiri mmoja mpenda gofu alipoinunua mwaka 1821 na kuwaondoa sungura. Mwaka 1894 mji ulirudishiwa kwa sheria ya Bunge, na tangu 1974 husimamiwa na bodi ya amana kwa faida ya umma. Wakaaji wa mji hulipa ada ya mwaka iliyo ndogo sana wakilinganishwa na wageni. Mgeni asiyejulikana na mtu, akiwa na cheti cha kuonyesha kwamba anajua kucheza, anaweza kuingia katika kura ya kila siku na kupata nafasi pasi na kuwa na mwenyeji.

Na Jumapili, isipokuwa yanapokuwapo mashindano makubwa, kiwanja kile hufungwa kwa gofu na kufunguliwa kwa watu. Bibi vizee hupita katikati na mbwa wao, watoto hukimbizana pale pale ambapo Jumamosi mabingwa walikuwa wakipima nyasi kwa jicho moja, na wapenzi hupigwa picha juu ya daraja la mawe. Wenye viwanja vyetu hapa waliiga kola za St Andrews, waliiga ubao wa majina ya mabingwa uliopakwa dhahabu. Jumapili yenyewe hawakuiiga.

Hilo ndilo ninalolidai, wala si zaidi. Siku moja katika juma, kila kiwanja cha gofu kilichokaa juu ya ardhi iliyotolewa na serikali, iwe ya kikoloni au ya baada ya 1963, kifunguliwe kwa wanafunzi na kwa wenyeji wa mtaa, watembee, na wanaotaka wafundishwe na makedi, nao makedi walipwe kwa kazi hiyo kama walimu. Nyasi, utaniambia, zitaharibika. Nyasi za St Andrews zimekanyagwa na mji mzima kwa karne kadhaa. Usalama? Waajiri askari yule yule, wamwambie tu afungue badala ya kufunga.

Wala tusikae tukingoja Nairobi. Pale Kwa Vonza, katika njia iendayo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013, ipo ardhi tele ya vichaka na migunga isiyofaa kulimwa. Mashimo tisa ya mchanga yanaweza kuchimbwa na mwethya mmoja kwa siku chache. Mikebe ya maziwa ya unga ni mashimo. Vitambaa vyekundu ni bendera. Mbuzi watazikata nyasi bila mshahara. Yule mzee aliniambia kwamba fimbo zilizovunjika hutupwa na wenyewe, naye huziunga kwa vipande vya bomba, na kwamba anazo tatu nyumbani ambazo hana mtu wa kumpa.

Basi, kijana, shule yenu ikija Nairobi kwa ziara, mwombe mwalimu mkuu aandike barua mwezi mmoja kabla, kwa katibu wa klabu yoyote, akieleza idadi yenu na siku mtakayofika. Aombe kutembea kiwanjani kwa saa mbili, na aombe kedi mmoja wa kuwaongoza. Wakikataa, aitunze barua ya jibu. Wakikubali, vaeni mashati yenye kola, maana siku hiyo si ya kugombania kola. Na mkifika shimo la kumi na mbili, angalieni mchanga kabla hamjapiga.